Viatu vya Siku ya Kuomba Kazi, na Habari Zake tangu Zamani

Leo twataka kuzungumza juu ya kitu kilicho chini kuliko vyote avaavyo mtu, nacho ni kiatu. Huenda mmoja wenu akasema, "Mwalimu leo amekosa habari ya kutueleza." Lakini sisi tufundishao katika chuo cha ualimu twaona kila mwaka vijana wetu wakimaliza masomo, kisha wakapata barua ya kuitwa mbele ya wakubwa ili waulizwe maswali ya kazi, jambo ambalo siku hizi huitwa usaili. Usiku wa kuamkia siku hiyo kijana huwa amekwisha kuyatengeneza majibu yake; vyeti vyake vimo ndani ya bahasha, na shati limepigwa pasi. Jambo linalomfanya atembee kutoka chumba hiki hadi chumba kile, akibisha hodi kwa wenzake, ni moja tu: "Nitavaa viatu gani?"

Swali hili si la upuuzi, wala halikuzaliwa jana. Nyuma yake mna habari ndefu ya nchi zetu hizi za Afrika ya Mashariki. Mtu aijuaye habari hiyo atachagua viatu vyake kwa akili, wala hatavichagua kwa hofu. Basi, na tuanze mwanzo.

Ushahidi wa maneno

Watu wengine hudhani kwamba viatu vililetwa kwetu na wageni, na kwamba wazee wetu wote walikwenda miguu mitupu. Lugha yenyewe yakanusha. Neno "kiatu" si la kigeni. Ndugu zetu Wakikuyu, walio mbali na pwani, husema "kĩratũ", na kila mwenye sikio atatambua kwamba maneno hayo mawili ni ya ukoo mmoja. Wafugaji na wasafiri wa bara walikata ngozi ya ng'ombe, wakaifunga mguuni kwa kamba ya ngozi, ili kujikinga na miiba na mchanga wa moto.

Kisha kila mgeni aliyekuja alituachia neno lake. Wareno, waliofika Mombasa na Malindi mwaka wa 1498, walituachia "sapatu". Kutoka kwa Waarabu tulipata "gidamu", ule ukanda wa kiatu. Kutoka Bara Hindi tulipata "champali", na kwa Waingereza tukapata "buti" na "soksi". Pwani kulikuwa pia na makubadhi ya ngozi yaliyotiwa nakshi, na mitalawanda, yaani viatu vya mti vyenye msuruaki wa kubanwa kati ya kidole gumba na kidole cha pili. Kwa hiyo viatu vilikuwapo. Jambo la kuuliza ni hili: nani aliyekuwa na ruhusa ya kuvivaa?

Mwungwana na mtumwa

Katika Unguja ya karne ya kumi na tisa mtu aliweza kujua hali ya mwenziwe kwa kumtazama kichwani na miguuni. Mwungwana alivaa kofia au kilemba, na miguuni makubadhi. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, wala hakuruhusiwa kuvaa viatu mbele ya bwana wake. Haikuwa kwa sababu miguu ya mtumwa haikuchomwa na jua. Alinyimwa viatu ili yeye mwenyewe, na kila aliyempita njiani, akumbuke daraja lake.

Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed wa Unguja alitia sahihi amri ya kuondoa hali ya utumwa katika sheria, ingawa mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba uhuru wake. Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka wa 1907, na katika Tanganyika mwaka wa 1922. Watu waliopata uhuru hawakungoja kufundishwa la kufanya. Wanaume walitafuta kanzu na kofia, wanawake wakatafuta kanga na baadaye buibui, na kila aliyeweza alitafuta viatu. Mtu aliyekatazwa makubadhi tangu utotoni, siku alipoyavaa akapita nayo barabarani mchana, hakuna aliyehitaji kumwuliza maana yake.

Yafaa tulikumbuke neno hili, maana ndilo shina la habari yetu. Tangu zamani zile kiatu katika nchi yetu kilikuwa zaidi ya kinga ya mguu. Kilikuwa cheti cha kuonyesha mtu ni nani. Na desturi ya kusoma cheti hicho haikutoweka siku sheria ilipobadilika.

Kazi ya miguu na kazi ya kalamu

Wakati wa misafara, mtu aliyetaka kazi ya upagazi huko Bagamoyo hakuwa na barua wala cheti. Alitazamwa mabega na miguu. Mzigo ulikuwa kadiri ya frasila mbili, yaani kama kilo 32, na njia ya kwenda Ujiji ilipita kilometa 1,000. Wanyamwezi, waliosifiwa sana kwa kazi hiyo, wengi wao waliikanyaga njia hiyo kwa nyayo zao wenyewe. Unyayo mgumu ndio uliokuwa sifa ya mwombaji.

Ulipokuja utawala wa Wadachi na wa Waingereza, daraja za kazi zilionekana tena miguuni. Mtumishi wa nyumbani alivikwa kanzu nyeupe iliyofuliwa ikang'aa, na chini yake miguu mitupu. Askari wa Wadachi walipewa buti. Askari wa King's African Rifles, jeshi lililoundwa mwaka wa 1902, ambao watu waliwaita Keya, kwa miaka mingi walipiga gwaride miguu mitupu au kwa champali. Karani na mwalimu, hao ndio waliovaa viatu vya ngozi vya kufungwa kwa kamba. Hivyo watoto wa shule wakajifunza somo ambalo halikuandikwa ubaoni: kazi ya jembe na ya mzigo ni ya miguu mitupu, na kazi ya kalamu ni ya viatu.

Somo hilo lilipata ushahidi mchungu katika Vita Kuu vya mwaka wa 1914 hadi 1918. Upande wa Waingereza peke yake uliandika wapagazi wapatao milioni moja kuchukua vyakula na risasi, na kwa hesabu ya serikali yenyewe waliokufa walizidi 90,000, walio wengi kwa maradhi na uchovu, wala si kwa risasi. Wengi wao walitembea bila viatu katika matope ya Rufiji na baridi ya nyanda za juu. Jeshi hilo la wapagazi liliitwa Carrier Corps. Waingereza walipoitwaa Dar es Salaam mwaka wa 1916 wapagazi hao walipigiwa kambi mahali fulani mjini, na watu wakaligeuza jina lile gumu likawa Kariakoo. Leo kijana wa Dar es Salaam apatapo barua ya usaili, aghalabu huenda Kariakoo kutafuta viatu. Ananunua viatu vya kuombea kazi mahali palipopata jina kwa watu ambao wengi wao walikufa kazini bila viatu. Ni wachache wanaolijua jambo hilo, nasi twaona ni vema lijulikane.

Maneno ya waganga

Tusidhani hata hivyo kwamba viatu ni fahari tu. Mwaka wa 1872 merikebu moja iliyotoka Brazil ilifika Ambriz katika pwani ya Angola, na katika mchanga wake ulikuwamo mdudu mdogo ambaye Afrika haikumjua: funza. Kwa njia za misafara na za majeshi mdudu huyo alilivuka bara lote, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kufika pwani yetu ya mashariki. Vidole vya watu vilioza, na wengine wakashindwa kutembea kwenda shambani. Tena mwaka wa 1898 mtaalamu Arthur Looss, aliyefanya kazi Cairo, alitangaza kwamba vijidudu vya safura huingia mwilini kwa kuipenya ngozi. Akanyagaye udongo wenye uchafu bila viatu huweza kuviokota kwa nyayo, navyo hufika matumboni na kumnyonya damu, hata awe mnyonge bila kujua sababu. Toka hapo walimu na waganga walikuwa na haki ya kuwahimiza watu wavae viatu. Basi kiatu kina kazi yake ya kweli, nayo ni kuuhifadhi mguu. Fahari ilikuja kupanda juu ya kazi hiyo.

Viatu vinawafikia watu wote

Vita vya Pili vya Dunia, vya mwaka wa 1939 hadi 1945, vilibadili mambo. Askari wetu waliopigana Burma mwaka wa 1944 walivaa buti, na waliporudi makwao wengi walikwenda kutafuta kazi mijini wakiwa na buti zao za jeshi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1940 kampuni ya Bata, iliyoanzishwa mwaka wa 1894 katika mji wa Zlín huko Ulaya ya kati, ilikuwa imekwisha kujenga kiwanda Limuru katika Kenya, na viatu vya bei nafuu vikaanza kuenea madukani. Pamoja navyo ilienea dawa ya kung'arishia viatu iitwayo Kiwi, iliyotengenezwa kwanza Melbourne mwaka wa 1906; hata leo wengi wetu huiita kiwi dawa yoyote ya viatu, iwe imetoka kiwanda gani.

Mafundi wetu nao hawakulala. Magari yalipozidi, walichukua mipira ya magurudumu iliyochakaa, wakaikata kwa kisu kikali, wakatengeneza viatu ambavyo Kenya huitwa akala, na Tanganyika vikaitwa katambuga. Kiatu hicho hakiogopi mwiba wala matope, na bei yake mkulima aiweza. Baadaye zikaja kandambili za mpira, na baadaye tena viatu vya mitumba kutoka ng'ambo. Siku hizi si rahisi kumpata mwombaji wa kazi asiye na kiatu cha namna yoyote. Lakini jicho la mtazamaji halikuacha desturi yake. Zamani lilitenga mwenye viatu na asiye navyo. Siku hizi latenga mwenye viatu vya namna hii na mwenye viatu vya namna ile.

Yaliyotupata sisi wenyewe

Hapa yatupasa kusema jambo lisilotupa sifa. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa miongoni mwa watu wanne waliokaa mezani kumchagua msaidizi wa karakana ya useremala katika chuo kimoja. Waombaji wawili walifika mpaka mwisho. Wa kwanza aliingia na viatu vyeusi vyenye ncha, vinavyong'aa hata dirisha likaonekana ndani yake. Wa pili aliingia na akala zenye vumbi jekundu la barabara, na mkoba wa turubai ameupakata magotini. Aliulizwa juu ya mbao za mvule na za msaji, juu ya kuunga pembe za meza na juu ya kunoa randa, akajibu vizuri kuliko mwenziwe. Alipokwisha kutoka, mmoja wetu akacheka, akasema, "Huyu hata viatu hana, wanafunzi watamheshimu vipi?" Nasi wengine hatukucheka, lakini hatukumpinga. Tukamchagua mwenye viatu vyeusi.

Tuliyemchagua hakuwa mtu mbaya, wala hatutamsingizia lolote. Lakini mwaka uliofuata tulimkuta yule wa pili sokoni, akitengeneza viti chini ya mwembe. Akasimama, akatuamkia kwa adabu, "Shikamoo, mwalimu." Tukazungumza. Ndipo alipotueleza kwamba siku ile alitoka kwao kabla ya alfajiri, akatembea kwa miguu kwa kuwa gari lilikuwa halipiti. Viatu vyake vya ngozi alivitia mkobani ili visiharibike, akikusudia kunawa miguu na kuvivaa atakapofika. Alipofika langoni jina lake lilikuwa tayari linaitwa. Akasema, "Viatu vilikuwamo ndani ya ule mkoba nilioupakata. Niliogopa kuomba ruhusa."

Wasikilizaji wetu, tulikosa neno la kumjibu. Viatu tulivyovidai vilikuwa mbele ya macho yetu muda wote ule, kadiri ya hatua mbili kutoka mezani, wala hapakuwa na mmoja wetu aliyemwuliza, "Je, kijana, umetoka mbali?" Tulijiona watu wa elimu, kumbe tulimtazama mtu vile vile alivyotazamwa mtumwa wa Unguja: tukaanza miguuni, na tukaishia huko huko. Na kazi ile ilikuwa ya mikono. Wahenga walisema, "Nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani." Sisi tulisimama mlangoni.

Twasimulia jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, miongoni mwenu mnaosoma wako watakaokaa mezani siku moja kuchagua watu. Pili, yule kijana naye alikuwa na jambo la kujifunza, naye mwenyewe alilikiri: lau angefika mapema zaidi, au angethubutu kusema, "Mabwana, niwieni radhi, nipeni dakika moja nivae viatu," labda habari ingekuwa nyingine.

Namna ya kuchagua

Sasa tuseme yawafaayo ninyi mtakaoitwa.

La kwanza, tazama kazi unayoiomba. Aombaye ualimu, ukarani au kazi ya benki, avae viatu vya ngozi vilivyofunika vidole, vyeusi au vya rangi ya kahawia, visivyo na mapambo mengi. Aombaye kazi ya karakana au ya ujenzi, buti imara zilizosafishwa humpa heshima kuliko viatu vyembamba vya arusini, maana humwonyesha kuwa ajua hatari za nyundo na msumari. Binti aombaye uuguzi achague viatu vya kufunika, vyenye kisigino kifupi na visivyopiga kelele, kwa kuwa muuguzi hutembea na kusimama mchana kutwa karibu na wagonjwa. Na kwa kazi yoyote, mabinti wasilazimishwe na mtu kuvaa visigino virefu wasivyovizoea. Mwenye kuogopa kuanguka hawezi kuyafikiri majibu yake.

La pili, kiatu kikutoshe. Juu ya jambo hili iko habari ya Abebe Bikila wa Ethiopia. Mwaka wa 1960 alikwenda Roma kushindana katika mbio ndefu za Olimpiki, kilometa 42 na zaidi. Viatu alivyopewa huko havikumkaa vema, naye alikuwa amezoea kufanya mazoezi miguu mitupu. Basi akaamua kukimbia bila viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. Mwaka wa 1964 huko Tokyo alivaa viatu vilivyomfaa, akashinda tena, kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Mtu huyo hakuvidharau viatu, wala hakuviabudu. Aliuliza tu kipi kitamsaidia kuimaliza kazi ya siku hiyo. Ninyi hatuwaambii mwende usaili miguu mitupu. Twawaambia msivae kwa mara ya kwanza kiatu kipya siku ya usaili. Kivae nyumbani siku kadhaa, utembee nacho, ukae nacho, mpaka ukisahau. Kiatu kikubanacho kitakuita wakati wote uulizwapo maswali, nawe utamsikiliza nani?

La tatu, kuazima. Hatulikatazi, maana twajua hali za watu, na ndugu husaidiana. Lakini azima mapema, ukijaribu, kwa mtu mwenye mguu kama wako. Kikiwa kikubwa kidogo, pamba au kitambaa kilichotiwa mbele chaweza kusaidia. Kikiwa kidogo, kirudishe kwa shukrani. Ni afadhali kiatu chako cha zamani kilichoshonwa na kung'arishwa kuliko kipya cha mwenzio kinachokufanya uchechemee. Wala usiuze mbuzi wa karo ya mdogo wako ili ununue viatu vya bei. Fundi wa viatu aliye pembeni mwa barabara, kwa fedha kidogo, aweza kukaza soli, kubadili kisigino kilichokwisha upande mmoja na kutia kamba mpya.

La nne, usafi. Usiku uliotangulia ondoa matope kwa kitambaa chenye unyevu, acha kiatu kikauke kivulini wala si motoni, kisha paka dawa kidogo na usugue mpaka ing'ae. Usisahau nyuma ya kisigino. Wengi hung'arisha mbele tu, na wakigeuka kutoka chumbani huonekana walivyo. Tazama na soksi. Desturi yetu ni kuvua viatu mlangoni tunapoingia nyumba ya watu. Ofisini kwa kawaida mtu huingia navyo, lakini ziko ofisi zilizotandikwa zulia ambazo wageni huvua. Ukiona viatu vimepangwa nje, vua bila kungoja kuambiwa. Na hapo soksi iliyotoboka itatoa habari zako kabla hujatoa mwenyewe.

La tano, njia. Atokaye mbali kwa miguu au kwa baiskeli, hasa wakati wa masika, asione haya kusafiri kwa akala au kandambili na viatu vyake mkobani. Hiyo ni akili. Ila ahesabu muda wake ili afike mapema, aombe maji, anawe miguu, abadili. Na akikawizwa na mto au na gari, aseme ukweli wake kwa adabu. Kinywa amepewa kwa kazi hiyo.

Na ninyi mtakaokaa mezani, mna la kwenu pia. Mwaweza kutazama viatu vya mtu, maana usafi na utaratibu ni mambo ya haki kuyatazama. Lakini jiulizeni kama mwatazama usafi wake au ufukara wake, kwa kuwa mambo hayo mawili si mamoja. Akala iliyooshwa ni safi. Kiatu cha bei kilichopakwa dawa juu ya matope si kisafi. "Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti."

Basi hiyo ndiyo habari ya viatu katika nchi zetu, kwa ufupi. Walikuwako waliokatazwa kuvivaa ili wajione duni. Walikuwako waliobeba mizigo ya vita bila ya kupewa. Na wako wazazi, hata leo, wanaokwenda shambani miguu mitupu ili mtoto apate jozi moja ya kwendea shule. Kijana, utakapoinama kufunga kamba za viatu vyako asubuhi ile, wakumbuke watu hao. Vifunge vizuri, simama wima, kisha uvisahau, ukayajibu maswali uliyoulizwa. Na ukiipata kazi, na mwezi ukaisha, usisahau miguu ya mama yako.